Ng'ombe wa Iceland, nyoka wa Uluguru na wapagazi wa Kariakoo

Najua nimepotea. Wiki mbili zilizopita zilikuwa testi juu ya testi, asaimenti za kikundi (zile za watu saba anafanya mmoja, na huyo mmoja ni mimi), halafu boom nalo halijaingia. Hata hamu ya kuandika haikuwepo. Lakini kuna kitu kimenikaa kichwani tangu Jumamosi na nisipokitoa hapa sitasoma chochote.

Ilikuwa hivi. Nilitoka hapa Chang'ombe kwenda Kariakoo kutafuta viatu vya kufundishia, manake TP ya pili inakuja na vile vya mwaka jana vimeshafungua mdomo. Viatu vya bei yangu sikuvipata. Ila nilipokuwa nakatiza kuelekea Mnazi Mmoja nikawakuta wale jamaa wanaopanga vitabu vya mtumba chini juu ya turubai, nikaokota kimoja kisicho na jalada: hadithi za kale za watu wa Skandinavia, wale Waviking. Elfu mbili. Nikasema basi, viatu nimekosa, angalau nirudi na kitu.

Jamani, nimekisoma usiku mzima.

Nawapa kwa kifupi jinsi wale watu walivyosema dunia ilianza. Kulikuwa na shimo kubwa tupu liitwalo Ginnungagap. Upande wa kaskazini baridi na ukungu, upande wa kusini moto. Barafu ikasogea, joto likasogea, vikakutana katikati, barafu ikayeyuka, na kwenye yale matone akatokea jitu, Ymir. Huyo Ymir alikuwa anakula nini? Alikuwa ananyonya ng'ombe! Ndiyo, ng'ombe jike aitwaye Audhumla, naye alitoka kwenye ileile barafu. Na ng'ombe alikuwa anakula nini wakati hata jani halijaumbwa? Analamba mawe ya barafu yenye chumvi. Siku ya kwanza amelamba zikatokea nywele, siku ya pili kichwa, siku ya tatu mtu mzima, Buri. Wajukuu wa huyo Buri, Odin na ndugu zake wawili, ndio wakamuua Ymir. Damu yake ikawa bahari, nyama ikawa ardhi, mifupa ikawa milima, fuvu likawa mbingu, ubongo ukawa mawingu. Yaani unakanyaga maiti kila siku. Mwisho wale ndugu watatu wakatembea ufukweni, wakakuta miti miwili, wakaifanya mwanamume na mwanamke, Ask na Embla.

Wengi wanaosoma stori hii hukimbilia kusema: aah, ni rahisi, Iceland kuna barafu na kuna volkano, ndo maana wakafikiri dunia ilitokana na barafu na moto. Mimi pia nilisema hivyo mpaka nikafika kurasa za nyuma. Hao watu walihamia Iceland kutoka Norwei na kwingineko kuanzia karne ya 9, na inaelekea sehemu kubwa ya hadithi zao walikuja nazo. Kwa hiyo mazingira yanaeleza kitu, hayaelezi kila kitu. Ng'ombe anayelamba chumvi hahitaji volkano, anahitaji mfugaji anayemjua ng'ombe. Na miti ya ufukweni inaeleweka kwa watu wa pwani wanaookota magogo yaliyoletwa na mawimbi, maana Iceland penyewe miti ni ya shida.

Kilichonikamata zaidi ni mtu aliyeiandika. Anaitwa Snorri Sturluson, alizaliwa 1179. Alikuwa tajiri, mwanasheria, mwanasiasa na mshairi. Aliandika kitabu chake, kinaitwa Edda, karibu na mwaka 1220. Sasa hesabu nami: Iceland ilipokea Ukristo kwenye baraza lao kuu mwaka 999 au 1000. Yaani Snorri alikuwa Mkristo, mtoto wa Wakristo, mjukuu wa Wakristo, anaandika dini ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiifuata hadharani kwa zaidi ya miaka mia mbili. Kwa nini? Kwa sababu washairi vijana walikuwa hawaelewi tena mafumbo ya mashairi ya zamani, na kuelewa mafumbo lazima ujue hadithi. Alikuwa anaandika desa, jamani! Desa la ushairi. Na ili asionekane anahubiri upagani, mwanzoni kabisa akaweka maelezo kwamba hao "miungu" walikuwa watu tu waliotoka Troy huko Asia, wajanja, ambao wenyeji wa kaskazini waliwadhania miungu. Mwaka 1241 Snorri aliuawa nyumbani kwake, akiwa amejificha chini ya nyumba, kwa mambo ya siasa na mfalme wa Norwei. Lakini desa likabaki. Bila hilo, sehemu kubwa ya stori ya ng'ombe tusingeijua kwa mpangilio huo.

Sasa kwa nini nawaletea Waviking kwenye ukurasa ambao kwa kawaida nalalamikia foleni ya maktaba? Kwa sababu ya jambo lililonipata TP ya kwanza, ambalo sijawahi kuliandika.

Nilipelekwa shule moja ya sekondari, siitaji. Nafundisha Historia kidato cha kwanza, chanzo cha mwanadamu. Nimeeleza nadharia ya uumbaji, yaani Adamu na Hawa, nimeeleza mabadiliko ya viumbe, Darwin, Olduvai, fuvu la Zinjanthropus lililopatikana 1959, nimechora ubaoni mpaka chaki imeisha. Binti mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Madam, na Wazaramo walikuwa wanasemaje kabla?" Darasa likacheka. Nikacheka na mimi. Nikamwambia hilo halipo kwenye silabasi, akakaa chini.

Mimi bibi yangu mzaa mama ni Mzaramo wa Kisarawe. Na nilikuwa sina jibu. Odin na ndugu zake sasa nawajua kwa majina, ila hilo la darasani sikulijua. Ndo maana usiku wa Jumamosi sikulala vizuri.

Basi Jumapili na jana nikahamia maktaba. Naomba niwape nilichopata, bila mpangilio sana.

Kwanza neno lenyewe. Kuumba. Tunalitumia kwa Mungu mpaka tumesahau lina udongo ndani yake. Ukienda Uganda, omubumbi ni mfinyanzi. Rwanda, kubumba ni kufinyanga. Kule kwa Wagikuyu mama wa kwanza anaitwa Mumbi, yaani mwenye kuumba, na vyungu vimo humohumo. Kwa hiyo kabla hata hujasimuliwa hadithi, kitenzi chenyewe kimeshakwambia babu zetu waliifikiria kazi ya Muumba kama kazi ya mtu aliyekaa chini na udongo mikononi. Na ufinyanzi sehemu nyingi za huku ni kazi ya wanawake. Hilo lilinifanya nifunge kitabu kwanza nikanywe chai.

Hadithi ya Wagikuyu wengi mnaijua: Ngai kwenye mlima Kirinyaga, Gikuyu anapewa mke, wanakaa Mukurwe wa Nyagathanga huko Murang'a, wanazaa mabinti tisa (wao huhesabu "tisa kamili", ambayo ni kumi, msiniulize), na koo zikachukua majina ya mabinti. Kipande ambacho hakisimuliwi sana ni cha baadaye: wanawake ndio walikuwa watawala, wanaume wakachoka, wakapanga kuwapa mimba wote kwa wakati mmoja ili wapindue serikali. Wakafaulu! Ila walipotaka kubadilisha na majina ya koo, wanawake wakasema mkithubutu hatuzai tena. Majina yakabaki. Tuliyasoma haya kwa Jomo Kenyatta, kwenye kitabu cha 1938 alichokitoa baada ya kusoma anthropolojia London chini ya Malinowski. Na 1938 haikuwa mwaka wa kusimulia hadithi kwa kujifurahisha. Wazungu walikuwa wameshachukua mashamba. Ukiandika kwamba Mungu mwenyewe alimwonyesha babu yako hii nchi kutoka juu ya mlima, umeandika hati ya kiwanja.

Wamasai vilevile, ila kwao hati ni ya ng'ombe. Enkai aliwashusha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, na mwindaji wa Kidorobo kwa wivu au kwa hofu, inategemea anayesimulia, akaukata ule ukanda. Ndio maana Mdorobo hana ng'ombe, na ndio maana ng'ombe wote duniani, hata wa jirani, ni wa Mmasai aliyecheleweshewa mali yake. Hapa ningependa mumfahamu bwana mmoja, Moritz Merker, afisa wa jeshi la Wajerumani aliyekaa Moshi. Mwaka 1904 alitoa kitabu kikubwa kuhusu Wamasai kilichojaa hadithi zinazofanana mno na Biblia: bustani, tunda, gharika, kila kitu. Akahitimisha kwamba Wamasai ni ndugu wa Waisraeli wa kale. Mwaka uliofuata Mwingereza Hollis akatoa kitabu chake kuhusu Wamasai haohao, na humo unakuta Mdorobo, tembo na nyoka, si bustani ya Edeni. Watu walewale! Tofauti ni nani kauliza, na nani kamjibu, na aliyejibu alikuwa ameshasikia mahubiri ya nani. Snorri aliwapeleka miungu wake Troy, Merker akawapeleka Wamasai Kanaani. Inaonekana mtu mwenye kalamu hatulii mpaka awe amekusafirisha.

Kintu na Nambi wa Buganda nawaruka, wenye roommate Mganda mtasimuliwa vizuri kuliko mimi.

Nikija pwani. Bibi alikuwa akitusimulia tetemeko la ardhi linatokea wapi: dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, akichoka anahamishia pembe ya pili, ndo inatikisika. Nilidhani ni hadithi yake ya kutulaza. Kumbe ni hadithi iliyosafiri na jahazi na vitabu vya Waislamu. Mwanachuoni al-Qazwini, aliyefariki 1283, aliandika kwenye kitabu chake cha maajabu ya viumbe kwamba dunia imebebwa na malaika, malaika kasimama juu ya mwamba, mwamba uko juu ya ng'ombe dume, na ng'ombe juu ya samaki. Karne ya 13! Karne ileile ya Snorri. Mmoja Iceland anaandika ng'ombe anayelamba barafu, mwingine huko Uajemi na Iraki anaandika ng'ombe anayebeba dunia, na hawajuani kabisa. Huyu wa pili akatufikia mpaka Kisarawe, kwenye mkeka wa bibi. Hilo nimelipenda kupita yote.

Lakini swali la yule binti lilikuwa "kabla".

Jibu kamili sijalipata, nawaambia ukweli. Nilichopata ni Kolelo. Wazaramo walimjua Mungu, wakimwita Mulungu, lakini mambo ya mvua na mavuno waliyapeleka kwa Kolelo, aliyekaa kwenye pango katika milima ya Uluguru. Kisa cha mwanzo wake kiliandikwa na mmisionari Mjerumani, Martin Klamroth, zaidi ya miaka mia iliyopita: nyoka mkubwa alimchukua mwanamke aliyekuwa katika shughuli zake, akampeleka pangoni, akamwambia yeye na ukoo wake ndio watakaolitunza pango na kuwapelekea watu neno lake. Angalia hapo. Hakuna shimo tupu, hakuna jitu la barafu. Dunia ipo tayari. Kinachoumbwa ni uhusiano: nani ataomba mvua, kupitia ukoo gani, na mlango wa ukoo ni mwanamke. Kwa Wazaramo, kama Waluguru, ukoo unafuata mama, kwa hiyo hadithi haikuweza kuanza na mwanamume.

Na mwaka 1905, ilipoanza vita ya Maji Maji, neno lililosemekana kutoka kwa Kolelo lilikuwa ni watu wasilipe tena kodi ya Wajerumani. Hadithi ya pangoni ikawa suala la serikali. Klamroth alikusanya habari zake miaka michache tu baada ya vita hiyo, watu wakiwa wamenyongwa na vijiji vimechomwa. Hebu fikiria wewe ni mzee wa Kizaramo, anakuja Mzungu na daftari kuuliza nyoka wako kasema nini. Ungemwambia yote?

Nilimpigia bibi simu jana jioni. Nikamuuliza Kolelo. Kimya kidogo, akasema, "Nani kakwambia hayo?" Nikasema nimesoma, bibi, Mjerumani ameandika. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanieleza mambo ya mkole, ule mti ambao mwali wa Kizaramo hupelekwa chini yake kufundwa. Kuhusu mwana hiti pia, kile kisanamu kidogo cha mti kisicho na mikono ambacho mwali hupewa akiwa ndani, ishara ya ukoo kuendelea. Aliyonieleza ya ziada siyaandiki hapa. Akinamama wenzangu mnaelewa. Nilifikiria Ask na Embla, miti miwili ya ufukweni iliyogeuka watu, nikatamani kumsimulia bibi, vocha ikakata.

Mji wenyewe nao una hadithi yake ya mwanzo. Kabla ya Dar es Salaam kulikuwa na Mzizima, kijiji cha Washomvi. Inasimuliwa kwamba walivamiwa na Wakamba, wakaomba msaada bara kwa Pazi Kilama, akaja na watu wake akawafukuza wavamizi, na Washomvi wakakubali kumlipa ada ya kila mwaka iliyoitwa kanda la Pazi. Mnaona tena? Hati ya kiwanja. Mshomvi akiisimulia, yeye ndiye mwenyeji aliyemkaribisha mgeni. Mzaramo akiisimulia, yeye ndiye aliyeuokoa mji. Baadaye, miaka ya 1860, akaja Sultani Majid wa Zanzibar na majumba yake, na vitabu vya shule vingi huanzia hapo, kana kwamba kabla yake palikuwa Ginnungagap.

Sasa narudi Kariakoo, kwenye viatu. Jina wote tunalijua limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza walioweka kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916. Nairobi nao wana Kariokor yao. Walikuwa watu wa kubebeshwa mizigo, wengi kwa kulazimishwa, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu na malaria kuliko kwa risasi. Hilo nililijua. Ambalo sikulijua ni mitaa. Narung'ombe: vita vya Julai 1917, bara ya Kilwa. Tandamti: vita vya Agosti 1917. Mahiwa: Oktoba 1917, kule Lindi, siku nne, mojawapo ya mapigano mabaya kuliko yote ya vita ile huku kwetu, na hata wanajeshi kutoka Nigeria walikufa pale. Mimi Mahiwa nimenunua mapazia. Narung'ombe nimekula chipsi mara ngapi.

Pale mjini, Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 ina maandishi yanayowataja wapagazi, ila aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Nairobi angalau walimweka mpagazi pamoja na wengine.

Jumatatu nilipita tena, makusudi. Nikamuuliza kaka mmoja anayeuza mabegi Mtaa wa Mahiwa, samahani kaka, jina la mtaa huu limetoka wapi? Akaniangalia juu mpaka chini. "Dada, unanunua au hununui?" Jirani yake, mzee wa saa, akadakia kwamba Mahiwa alikuwa chifu wa zamani, mwenye eneo hili lote, na Wazungu walimnyang'anya. Alieleza kwa uhakika kabisa, na mambo ya wake zake wangapi. Si kweli, najua si kweli. Lakini nilisimama pale nikasikiliza mpaka mwisho, na nimeiandika kwenye daftari jinsi alivyoisema, na tarehe.

TP inaanza mwezi ujao. Sijui nitapangiwa shule gani, ila nikirudi ileile, yule binti atakuwa amepanda kidato. Nitamtafuta nimpe Kolelo, na nimwambie nani aliandika na lini. Kama ni Mzaramo, nitamwambia pia akamuulize bibi yake mambo ya mkole, mimi siruhusiwi.

Mwenye bibi au babu anayejua habari za pango la Kolelo, au za Pazi, naomba aniandikie hapo chini. Na mwenye viatu namba 38 vyeusi vya kushusha, bei ya mwanafunzi, aniandikie haraka zaidi. Alamsiki.